Mgeni Mwenye Jino Moja

Kitendawili hiki nitakitega na kukitegua mwenyewe, maana nikiwaachia ninyi mtaniletea majibu ya nyoka na misumeno. Nina mgeni kwangu. Ana uzito wa Biblia, hakai kitini, halali ila chini ya mto, ana jino moja tu kinywani, na jino hilo huonekana kazi yake, lenyewe halionekani.

Ni bastola. Yangu ilikuwa ya zamani, masazo ya jeshi la Wacheki, ya mwaka wa hamsini na mbili. Nilikuwa mtoto wa shule nikiokota viazi milimani huku Kentucky, na yeye huko alikokuwa tayari anavaliwa kiunoni na askari.

Niliichukua kwenye maonyesho ya silaha, katika lile banda ambamo Agosti huonyeshwa ng'ombe. Kaka yangu Estill ndiye aliyenipeleka. Estill alikaa jeshini miaka sita, na tangu arudi hutengeneza bunduki za watu juu ya meza yake ya kulia, kati ya vikombe vya kahawa. Mezani kwa yule muuzaji bastola zilikuwa zimelala zimeshikana kwenye grisi kama samaki wa kopo.

"Dada," Estill akasema, "kuna bastola mpya siku hizi, nyepesi, mwanamke anaitia mfukoni na kusahau."

"Sitaki kusahau."

"Hii ina nusu karne."

"Nataka iliyokwisha kuua."

"Hujui kama imeua."

"Na wewe hujui kama haijaua. Lipia, nitakurudishia nyumbani."

Akanitazama, kisha akaifunga kwenye gazeti. Alijua ninamfikiria nani.

Binti yangu alikuwa mmoja, Rilda. Mumewe, Garnie Slone, alisema Rilda aliteleza kwenye ngazi za nyuma ya nyumba wakati wa barafu. Daktari wa kaunti akaandika ajali. Mimi nilimvisha Rilda gauni lake la mwisho kwa mikono yangu, na juu ya kiwiko chake nikaona alama tano, nne upande huu na moja upande ule. Barafu haina gumba. Nilimwambia sherifu. Akavua kofia, akaniambia, "Bibi Hassie, mtu hafungwi kwa alama." Basi Jumapili nikasimama kanisani, wakati wa kuombeana, nikaomba Mungu amlaani Garnie Slone kwa jina lake lote, na la katikati.

Toka siku hiyo, Garnie akipita na gari lake mbele ya nyumba yangu alipunguza mwendo na kupiga honi mara mbili. Mara mbili tu, kama mtu anayebisha hodi. Na siku moja kwenye duka la chakula cha mifugo aliniinamia sikioni: "Mama, nyumba yako ni ya mbao kavu. Na unalala fofofo, Rilda aliniambia."

Kwa maneno hayo nikapata sababu ya kuomba kibali cha kubeba silaha kwa kificho. Darasa lake ni la siku moja. Unampiga mtu wa karatasi risasi ishirini, kisha mwalimu anakueleza sheria. Alisema hivi: huwezi kumtolea mtu silaha kwa sababu humpendi. Lazima yeye aanze. Lazima akuletee hatari mwilini. Wenzangu walikuwa wanapiga miayo. Mimi niliishia darasa la nane, lakini maneno yale niliyashika kama mpishi anavyoshika kipimo cha chumvi. Lazima yeye aanze. Basi kazi yangu ilikuwa kumfanya aanze.

Estill alinifundisha kuilea. Risasi za masazo zina chumvi ndani yake, ukishapiga lazima uoshe mtutu kwa maji ya moto na sabuni kama sufuria, la sivyo asubuhi unakuta kutu. Akaifungua mezani, akanionyesha kijiti cha chuma kisichozidi urefu wa kidole changu.

"Hili ndilo jino. Nyundo inaligonga, nalo linagonga kitako cha risasi. La bastola hizi limetengenezwa kwa chuma cha kusubu, ni kavu kama mfupa wa kuku. Usiifyatue tupu, Hassie. Risasi ikiwamo, jino lina pa kutua. Ikiwa tupu linapiga hewa, na hewa ndiyo inayolivunja."

"Nimesikia."

"Umesikia kama ulivyosikia kuhusu paa lako?"

Paa langu lilikuwa linavuja mwaka wa tatu. Nikamwambia anywe kahawa yake.

Nikashona mfuko ndani ya sketi zangu zote, upande wa kulia. Siku ya kwanza nilitembea kama mashua iliyopakiwa vibaya, mpaka Estill akaniuliza kama nyonga inauma. Nikashona mfuko wa pili upande wa kushoto, nikatia Biblia. Nikawa wima. Watu wakasema, tazama Bibi Hassie, huzuni imemshusha lakini imemnyoosha tena.

Sasa niwaambie nilichokuwa nikikifanya, ambacho Estill hakukijua. Nilikuwa na picha ya harusi yao. Nilimkata Rilda kwa mkasi wa kushonea, nikamweka ndani ya Biblia. Akabaki Garnie peke yake na mkono wake umezunguka mahali patupu. Nikamtundika kwenye msumari wa kalenda. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, nilitoa risasi zote, nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikavuta nyundo, nikalenga jicho lake la kushoto. Tk. Navuta nyundo. Jicho la kulia. Tk. Jioni nyingine mara thelathini, jioni nyingine mpaka kidole gumba kinafanya malengelenge. Huzuni ya mtu ina mahali pa kwenda, jamani, lakini chuki haina, inazunguka jikoni na wewe. Ile sauti ndiyo ilinipa usingizi. Tk, nakulipa kwa gumba. Tk, nakulipa kwa vidole vinne. Kisha narudisha risasi, naiweka chini ya mto, nalala fofofo kama alivyosema.

Majira ya baridi yote nikafanya hivyo. Na mchana nikamtafuta. Nilisimama katikati ya mlango wa duka aliotaka kupita. Niliegesha gari langu nyuma ya lake lisitoke. Nilimwambia mbele ya wanaume wenzake, "Garnie, umenenepa. Nani siku hizi anakuosha mikono?" Wanaume wakatazama viatu. Yeye akacheka, akanigusia kofia. Panya aliyekwisha uona mtego.

Ikafika Jumapili ya mwisho ya Mei. Kwetu siku hiyo kila ukoo hupanda kilima chake kupamba makaburi. Tunang'oa majani, tunaweka maua, mchungaji anasoma, kisha chakula kinapangwa kwenye meza ndefu pale pale kando ya wafu: kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi, keki ya tabaka za tufaha. Na kuna jambo moja ambalo hata maadui wanaliheshimu. Siku hiyo hakuna anayemzuia mtu kufika kwenye kaburi la mtu wake. Nilijua Garnie atakuja. Asipokuja, kaunti nzima itauliza kwa nini.

Akaja na maua ya plastiki, yale mekundu, bei ikiwa bado imebandikwa. Walikuwepo watu kama sitini. Sherifu mwenyewe alikuwepo, maana mama yake amezikwa safu ya juu, ana sahani mkononi na paja la kuku.

Nikaenda nikasimama kwenye kichwa cha kaburi la Rilda.

"Habari za leo, Mama," akasema kwa sauti ya watu wote.

"Kitendawili, Garnie."

"Sina muda wa mambo hayo."

"Kifupi tu. Mke wangu aliteleza, na barafu ikamwachia alama za vidole. Barafu hiyo inaitwaje?"

Mazungumzo mezani yakakatika. Estill akaanza kuja, nikamwonyesha kiganja abaki alipo.

"Leo ni siku ya amani," Garnie akasema. "Mheshimu binti yako."

"Nimheshimu mimi? Wewe hata bei ya maua hukubandua! Ulimpiga kwa sababu ndiye pekee ambaye mtu mnene kama wewe aliweza kumfikia. Wanaume hapa wakikukoholea unavuka barabara."

"Mama, nyamaza."

"Mama yako alinisimulia ulikojoa kitandani mpaka miaka kumi na mmoja. Rilda alikuwa anafua nini, Garnie? Bado ulikuwa unamfulisha mashuka?"

Mtu mmoja mezani akacheka. Kicheko kile ndicho kilichofanya kazi, si maneno yangu. Uso wa Garnie ukapanda damu. Akanijia, akanishika juu ya kiwiko, pale pale, vidole vinne na gumba, akanisukuma. Mgongo wangu ukagonga jiwe la kaburi la mwanangu.

Niliyasikia maumivu kama habari njema. Ameanza. Watu sitini wameona, na sherifu na kuku wake ameona. Mkono wangu ukaingia mfukoni, bastola ikatoka bila kukwama, mara mia nilikuwa nimeitoa hivyo. Nikavuta nyundo. Nikalenga jicho la kushoto. Sikusema sala, sikusema jina la mtu. Nikabana.

Tk.

Sauti ile ile ya jikoni. Mlima mzima ukaisikia.

Risasi zilikuwamo, nilizitia mwenyewe asubuhi. Nikavuta nyundo tena kwa gumba, polepole, kwa sababu gumba lilikuwa na malengelenge. Yeye hakujua habari za malengelenge. Aliona bibi kizee anavuta nyundo bila haraka ili ampige tena. Akaanguka magoti juu ya maua yake.

"Mama, usipige! Nilimsukuma, sawa, nilimsukuma! Mara moja tu! Alikuwa anaondoka, sanduku mkononi, ningefanya nini, alikuwa anaondoka..."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Alikisikia alichosema, lakini maneno yalikuwa yamekwisha toka na watu walikuwa wamekwisha yapokea.

Sanduku. Katika miezi yote ile hakuna aliyewahi kutaja sanduku.

Sherifu akaweka sahani juu ya jiwe la mama yake, akajifuta vidole, akaja. "Bibi Hassie, ishushe chini." Nikabana tena. Tk. Naapa sikudhamiria kumtisha. Nilidhamiria kumuua, na mpaka leo nasema hivyo kwa yeyote anayeniuliza, hata mchungaji. Estill ndiye aliyeishika bastola juu ya mkono wangu na kuichukua kama unavyomchukua mtoto aliyelala.

Sanduku lililokuwa la Rilda walilikuta chini ya mbao za banda la Garnie, nguo zimekunjwa, na juu yake kijibarua alichoniandikia mimi: Mama, nakuja Jumamosi. Walimpa miaka kumi na minane. Kwangu sherifu aliandika kwamba nilishikwa na kusukumwa kwanza, na watu sitini wakaweka sahihi, hata wale waliokuwa wameangalia keki.

Estill aliifungua bastola mezani kwake waliponirudishia. Akakitoa kile kijiti vipande viwili. Kilikuwa kimekatika katikati, kutu imekwisha ingia penye mkato. Kimekatika siku nyingi.

"Hassie."

"Sema."

"Mara ngapi?"

"Kila jioni."

Akaweka vipande kwenye sahani ya kikombe. "Ulikuwa unabeba nyundo ya kuvunjia karanga. Angekujia kwako na moto wakati wa baridi, ungemfanya nini?"

"Ningempiga na ile Biblia."

Hakucheka. "Ulimuua mara elfu pale jikoni, na kila mara ulikuwa unamwokoa. Unajua hilo?"

Nikamwambia ninalijua. Lilikuwa linaniuma, na linaniuma sasa hivi ninapoandika. Hasira yangu ndiyo iliyolikata jino, na jino ndilo lililomwachia roho yake.

"Kuna mafundi wanatengeneza mapya," Estill akasema baada ya kikombe cha pili. "Chuma kizuri, kimepikwa. Hata ukifyatua tupu halivunjiki."

"Liagize."

"Dada, mtu yuko gerezani."

"Liagize, Estill."

Vipande vya zamani ninavyo kwenye kopo la vifungo. Jipya liko mahali pake. Kila Mei, nikishapamba kaburi, namwandikia Garnie kadi yenye kitendawili kimoja bila jibu. Hajawahi kujibu, lakini kadi hazirudi, kwa hiyo anazisoma.

Mimi nina miaka sitini na tisa. Akimaliza kifungo chake nitakuwa na themanini na tatu, na mama yangu alifika tisini na sita akikata kuni. Kwa hiyo ninakula mboga, ninapanda kilima kila asubuhi, na mtutu ninauosha kwa maji ya moto. Picha yake bado iko kwenye msumari wa kalenda. Jioni ninakaa mbele yake na kahawa, mikono yangu mapajani, wala sifyatui kitu.