Tiki, Mistari Mitatu na Fomu za Phelista

Siku ya pili ya kazi, saa nne asubuhi, Phelista Wakoli aliingia katika hoteli moja ya mjini Kitale akawakuta wenzake watatu wamebanana kwenye meza ya pembeni, vikombe vya chai vimesukumwa kando, kila mmoja akijaza fomu mbio mbio. Hapakuwa na mtu aliyekuwa akihojiwa. Hesbon, kijana mcheshi wa Bungoma aliyefunzwa kazi pamoja naye wiki iliyotangulia, alikuwa akijisemea huku akiandika.

"Huyu nimpe miaka ngapi? Thelathini na mbili. Kazi, fundi wa baiskeli. Anakaa Saboti. Anapenda tiki. Haya, mwingine."

"Hesbon, huyo mtu yuko wapi?" Phelista aliuliza.

"Si yuko hapa," Hesbon alisema, akigonga kichwa chake kwa kalamu, na meza nzima ikacheka.

Ilikuwa Septemba mwaka wa 2004, na watu walikuwa bado wanabishana kuhusu mbio walizoziona kwenye runinga wakati wa Olimpiki ya Athens. Kampuni moja ya utafiti ya Nairobi ilikuwa imepewa kazi na wafanyabiashara waliotaka kufungua maduka ya nguo na viatu vya michezo upande wa magharibi. Walitaka kujua watu wa Kitale na Bungoma wanazijua chapa gani, wanazipenda zipi, na wanazionaje. Kila mhoji alipewa kadi zenye alama bila majina: tiki ya Nike, mistari mitatu ya Adidas, chui wa Puma anayeruka, na nyingine mbili. Kila mmoja alitakiwa ahoji watu mia moja kwa wiki mbili, kisha atie sahihi chini ya kila fomu kwamba mahojiano yalifanyika kweli.

Aliyewaruhusu kukaa hotelini alikuwa Ngige, msimamizi wao, mwenyeji wa Kitale na mtu mwenye haraka ya kumaliza kila kitu. Alipomwona Phelista amesimama tu, alimvutia kiti.

"Keti, madam. Hii si mtihani wa serikali. Kila mtu anajua jibu. Wa kwanza ni tiki, wa pili ni mistari mitatu, chui anafuata nyuma. Unataka kutembea mpaka viatu viishe ndio uniletee jibu hilo hilo?"

"Kama jibu mnalijua, kwa nini tulitumwa kuuliza?"

"Wewe ni mgumu, bana."

"Sahihi yangu ndiyo itakuwa hapo chini," Phelista alisema.

Hakusema hivyo bure. Miaka miwili nyuma alikuwa mwalimu asiyesomea ualimu katika shule moja karibu na kwao Myanga. Mwalimu mkuu alimletea orodha ya alama za mtihani, akamwambia atie sahihi upesi kwa kuwa gari la ofisi linangoja. Akatia. Kumbe alama zilikuwa zimepikwa, na mambo yalipofumuka, jina lililoonekana kwenye karatasi lilikuwa lake peke yake. Alirudi nyumbani na sanduku la nguo, na tangu siku hiyo majirani walimsalimia kwa sauti ya chini, kama watu wanaopita penye matanga. Ndipo akaapa kwamba hatatia tena sahihi kwenye jambo ambalo macho yake hayakuliona.

Akachukua fomu zake, akazitia kwenye karatasi ya nailoni kwa ajili ya mvua, akatoka.

Watu watano wa kwanza walimfukuza. Wa sita alikuwa Gicheru, muuzaji wa viatu vya mtumba sokoni, ambaye alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe ni wa kanjo?"

"Hapana, baba, sitoki baraza la mji. Nauliza tu maswali kuhusu raba."

"Uliza, lakini usinizibie wateja."

Phelista alizunguka nyuma ya lundo la viatu, akaketi kwenye gunia, akawa anafunga kamba za raba mbili mbili ili jozi zisipotezane, huku akiuliza. Gicheru alipanga kadi kwenye goti lake.

"Hii tiki ndiyo inanilisha. Nikifungua belo la viatu, vijana wanakuja kupiga kamera, wanachukua zile safi kabla ya watu wengine, na wote wanatafuta tiki. Hata kama imetoboka! Mistari mitatu inaendea walimu, askari, na watu wa kukimbia. Chui ni mzuri, lakini wanaomuuliza si wengi."

Likabaki swali ambalo wahoji wote waliliogopa. Phelista akalisoma kama lilivyoandikwa. "Kama alama hii ingekuwa mtu, ingekuwa mtu wa aina gani?"

Gicheru alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaanza kufikiri kwa dhati.

"Tiki ni kijana wa mjini. Anatembea akiangalia kivuli chake. Mistari mitatu ni mwalimu wa michezo, filimbi iko shingoni, hana maneno mengi. Chui ni mgeni wa heshima, anapita tu na gari, anapunga mkono." Akazirudisha kadi. "Lakini andika na hii. Akina mama wakija hapa hawaniulizi alama. Wanaikunja soli namna hii, waone kama itapasuka. Hiyo kadi yao hamjaleta."

Fomu haikuwa na nafasi ya maneno kama hayo. Phelista aliyaandika pembeni, kwa herufi ndogo.

Jumamosi alifika Saboti mapema, baridi ya mlima ikimkata masikio. Kwenye barabara ya udongo katikati ya mashamba ya mahindi alimwona msichana akikimbia, raba zenye mistari mitatu miguuni. Alimngoja arudi. Jina lake lilikuwa Jerono, miaka kumi na tisa, na alikubali kuketi kwenye nyasi mradi asipoe sana.

"Hizi raba ni zangu na dadangu Chemutai," alisema. "Leo ni zamu yangu, kesho ni yake. Yeye ana mguu mdogo, anaweka kitambaa hapa mbele."

"Na ukiambiwa uchague moja, ungechagua ipi?"

"Tiki. Niliiona kwa TV."

"Kama hii tiki ingekuwa mtu, ingekuwa mtu wa aina gani?"

Jerono alikwangua tope kwenye soli kwa kijiti.

"Ni mtu mimi namjua, lakini yeye hanijui."

"Na hii mistari?"

"Huyu pia hanijui. Lakini huyu amenibeba."

Phelista aliandika neno kwa neno.

Kutoka hapo alishuka upande wa Bungoma. Alitembea Ndalu siku nzima, akanyeshewa, akakausha fomu kwenye jiko la mama mmoja mkarimu, akaendelea. Alibebwa kwa boda boda ya baiskeli mahali pa tambarare, na penye mlima alishuka akasaidia kusukuma. Mwishowe ikabaki sehemu aliyokuwa akiikwepa tangu siku ya kwanza. Karatasi ya mgawo wa maeneo aliyopewa na Ngige ilisema watu kumi watoke Myanga.

Angeweza kuwatoa Bungoma mjini, na hakuna ambaye angejua. Alisimama kwenye njia panda akajiambia kwamba huo nao ni upishi. Akashika njia ya kwao.

Mtu wa kwanza kumkaribia sokoni Myanga alikuwa Bilha, muuza vitunguu, mama mrefu mwenye mabega mapana.

"Wewe si ndio ule mwalimu alitolewa shule?" Bilha aliuliza, na wanawake wawili wa jirani wakageuka.

Phelista alikuwa amejitayarishia majibu mengi njiani, lakini yote yakampotea, likabaki moja.

"Ndio mimi. Sasa nafanya kazi hii. Naweza kukuuliza maswali, mama?"

Bilha akavuta kigoda kwa mguu, akakipangusa vumbi. "Keti basi. Uliza."

Hakujua jina la alama hata moja. "Hii ya mistali naona vijana wa mpira. Hii nyingine ni kama ile mwalimu anaweka kwa kitabu." Halafu akazishika kadi bila kuzirudisha. "Unajua nilicheza netiboli mpaka wilaya? Miguu mitupu. Wenzetu wa shule ya bweni walikuwa na raba, tukawafunga. Hakuna mtu amewahi kuniuliza ati ningependa kuvaa nini. Wewe ndio wa kwanza."

Wale wanawake wawili walisogeza vigoda vyao, nao wakataka kuulizwa.

Siku ya kurudisha kazi, Ngige alizipitia fomu za Phelista akiwa amesimama, kisha akaketi, akaanza upya. Uso wake ukaingia giza.

"Hizi zimeharibika. Wenzako wote wanasema tiki inaongoza kila mahali. Wewe unasema inaongoza kwa vijana wa mjini, mashambani wanaamini mistari, na watu wengi kabisa hawachagui kadi yoyote. Na hizi hadithi umeandika pembeni ni za nini? Nairobi watasema wewe ndio umepika."

"Waje waulize."

"Rekebisha thelathini tu zifanane na za wengine. Mimi nakusaidia, Phelista. Kazi kama hii inakuja tena."

"Sibadilishi hata moja. Ukitaka, andika barua useme nimekataa, na hiyo nitaitia sahihi."

Ngige alizitupa fomu kwenye katoni. Phelista alirudi Myanga bila kujua kama atalipwa au ataitwa mwongo kwa mara ya pili. Siku kumi zilipita. Siku ya kumi na moja akaitwa Kitale.

Aliyewangoja alikuwa Rosaline, mkaguzi kutoka Nairobi, mwanamke mfupi mwenye miwani na viatu vya kutembelea. Ngige alikuwepo, na Hesbon pia.

"Nina katoni moja yenye majibu ya aina mbili," Rosaline alisema. "Mmoja wenu ametembea, au mmoja wenu ana kichwa cha kutunga. Twendeni tuone."

Alichomoa fomu ya Hesbon bila kuchagua: fundi wa baiskeli, miaka thelathini na mbili, Saboti. Walipofika Saboti, waliambiwa kwamba fundi wa baiskeli pale ni mmoja tu, na ana wajukuu. Hesbon akaanza kutazama viatu vyake.

Kisha Rosaline akachomoa ya Phelista. Ilikuwa ya Jerono.

Nyumba iliyoandikwa kwenye fomu waliikuta imefungwa. Jirani, mzee mmoja aliyekuwa akipukuchua mahindi, aliona gari, miwani na makaratasi, akawadhania watu wa serikali, akatikisa kichwa. "Jerono? Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

"Mzee, niliongea naye hapo barabarani," Phelista alisema. "Anakimbia kila asubuhi."

"Mimi sijui."

Ngige alitabasamu kidogo, akafungua mlango wa gari. "Naona tumemaliza."

"Hatujamaliza," Phelista alisema. "Mimi siondoki. Nyinyi mkienda, nitakaa hapa mpaka arudi, na nitamleta Nairobi mwenyewe."

Rosaline alitazama saa yake, akamtazama Phelista, akaegemea gari. "Tungoje."

Walingoja karibu saa nzima. Ndipo msichana akatokea kwenye kona ya mahindi akikimbia, miguuni raba zenye mistari mitatu. Phelista alisogea mbele, kisha akasita. Sura haikuwa ile.

"Wewe ni Chemutai," alisema.

"Umenijuaje?" Msichana alihema, akishika magoti.

"Raba. Leo ni zamu yako."

Chemutai akacheka, akaita kwa sauti kubwa kuelekea mtoni, na baada ya muda Jerono akaja, ndoo kichwani, miguu mitupu. Mzee jirani aliinamia mahindi yake kana kwamba hajasikia.

Rosaline aliwazuia wengine wote kuongea. Alimwonyesha Jerono kadi ya tiki, akauliza swali lile lile.

"Si nilimwambia huyu dada," Jerono alisema. "Namjua, yeye hanijui."

Rosaline alisoma fomu, akaikunja polepole. Njiani wakirudi, Hesbon, bila kuulizwa, alisema kwamba fomu zake zote ziliandikwa mezani.

Ngige hakuendelea na kazi hiyo. Nairobi waliamua eneo lote lirudiwe, na Rosaline akamwomba Phelista aongoze.

"Nina maneno mawili," Phelista alijibu. "Fomu ziwekewe nafasi ya watu kusema yale hamkuuliza. Na Hesbon arudi, afanye mia yake upya."

"Huyo? Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nilipofukuzwa hakuna aliyeniambia nirudi nifanye vizuri."

Jumatatu iliyofuata walikuwa Ndalu, mvua ikinyunya. Hesbon alifukuzwa nyumba ya kwanza, ya pili akafukuzwa na mbwa, ya tatu mama mmoja akamfungia mlango usoni. Alirudi barabarani suruali imejaa tope.

"Hawataki, Phelista. Wanasema ati mimi ni mwizi."

"Ulisalimia kwanza, au ulianza na kadi?"

Hesbon alizitazama kadi zilizokuwa mkononi.

"Ile nyumba ya mabati mapya," Phelista alisema. "Kuna mama anaanika maharagwe chini ya paa. Msaidie kwanza."

Hesbon alishusha pumzi, akazificha kadi ndani ya koti, akaanza kupanda. Phelista alimwona akiinama kuokota maharagwe yaliyomwagika, kisha mama akamwonyesha mahali pa kuketi. Naye akageuka, akaelekea nyumba iliyofuata.