Diski Iliyoanikwa Juani

Niliifunga diski ya kompyuta ya marehemu mume wangu kwa kitambaa cha pamba, kile alichokuwa akifutia mafuta ya cherehani, nikaikumbatia njia nzima hadi dukani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pekee, alitembea ubavuni pangu, mkono wake tayari kunidaka nikijikwaa.

"Mama, si unipe mimi niibebe?"

"Wewe beba mwavuli."

Kompyuta yenyewe ilikwisha kufa. Ilizimika siku moja ikagoma kuwaka, na mkwe wangu akaifungua tumbo akatoa hicho kidude cha chuma, kizito kuliko kinavyoonekana. Aliniambia kila alichorekodi Baba kimo humo, ila diski peke yake haisemi. Inahitaji cha kuishika na kuiunganisha na kompyuta nyingine. Nikaipokea, nikaiweka kabatini pamoja na koti lake.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, mchache wa maneno. Picha alizikimbia, na simu alimwachia mwingine azungumze. Lakini alikuwa na utaratibu wake kazini: cherehani ikiletwa, kabla hajagusa hata skrubu moja, aliiendesha akairekodi mlio. Akimaliza kuitengeneza, aliirekodi tena. "Macho yangu hunidanganya," alisema, "masikio bado." Watu walimcheka. Mimi pia nilimcheka, tena mbele yake, naye alicheka nami.

Sasa sauti yake ilikuwa imeanza kunitoroka. Maneno yake nayakumbuka yote. Niulize alisema nini siku tuliyohamia nyumba ile, nitakwambia. Ila nikiyarudia moyoni, yanatoka kwa sauti yangu mwenyewe. Nilimwomba Mungu anirudishie ile yake, hata neno moja. Na kama neno hilo liko popote chini ya jua, basi limo ndani ya chuma hiki.

Duka lilikuwa jembamba, limejaa kompyuta zilizopasuliwa. Fundi wake ni mwanamke ambaye huchomeka bisibisi kwenye nywele, na ndilo jina watu walilompa. Bisibisi alitandika vitu viwili mezani.

"Mama, hili ni kasha. Diski inaingia ndani, nafunga skrubu, basi. Vumbi haliingii, na ukiligonga kidogo halijali. Hiki kingine ni kitako. Diski inachomekwa juu, inasimama hivi, kama mkate kwenye tosta."

"Inasimama uchi?"

"Uchi wa mnyama, Mama."

Mkwe wangu aligeukia ukutani akicheka. Mimi sikucheka. "Nipe kasha," nikasema.

Bisibisi alifungua kitambaa, akaigeuza diski mkononi. "Imetunzwa vizuri. Ulikuwa unaiweka wapi?"

"Kabatini. Na kila nikianika koti lake, naianika na yenyewe, isije ikashika ukungu."

Mkono wake ukasimama. "Unaianika... juani?"

"Juani, ndiyo. Kwani ukungu unatolewa kivulini?"

"Kama godoro?"

"Kama godoro. Naigeuza na upande wa pili."

"Mama!" mkwe wangu akasema, mkono mdomoni. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Hakuna aliyecheka safari hii. Bisibisi alisema taratibu kwamba joto si rafiki wa vitu hivi, kwamba hawezi kuniahidi kitu. Nilikuwa nimeitunza kwa namna pekee niliyojua kutunza, na huenda kwa mikono hii hii nimemnyamazisha mara ya pili.

Aliiingiza diski kwenye kasha, akachomoa bisibisi nywelini na kuanza kukaza. Skrubu ya kwanza ikalia ikiingia, kilio chembamba, kikavu. Ilipofika ya pili nilishajua nilipousikia mlio huo: sebuleni kwetu, watu wamesimama, kifuniko cha jeneza kikikazwa.

"Ngoja," nikasema. "Mtoe."

Nilisema mtoe, si itoe. Wote wawili walisikia, na wote wawili wakanistahi.

Bisibisi alifungua skrubu, akachomoa diski, akaisimamisha juu ya kitako na kuunganisha nyaya. Taa ndogo ikawaka. Kimya. Nikamtaja Mungu chini kwa chini.

"Weka kidole hapa, Mama."

Nikaweka. Chuma kilikuwa kikitetemeka kidogo sana, kama koo la paka anayebembelezwa.

"Inazunguka," akanong'ona. Kisha, akitazama skrini: "Na inasomeka. Mama Mapazia, kabla. Mama Mapazia, baada. Mwalimu wa Sare, kabla... Umeponea chupuchupu, Mama! Nifungulie moja?"

"Si hapa."

"Haya. Lakini sitakuficha, kasha ni salama zaidi."

"Salama imeshakaa vya kutosha, mwanangu. Nifungie kitako."

Mkwe wangu aliafiki, kwa sharti kwamba kwanza atoe nakala ya kila kitu na kwamba habari ya kuianika juani niisahau kabisa.

Nyumbani alitoa nakala, kisha akanionyesha pa kubonyeza, akaenda jikoni kupakua. Nilibaki na meza, kompyuta yake, na diski iliyosimama uchi. Nikafungua mojawapo. Cherehani tupu, tena yenye kikohozi. Ya pili, cherehani. Ya tatu, cherehani iliyopona, inatiririka vizuri, wala hakuna mtu. Nikaanza kumwelewa Mungu kwa shingo upande: nilimwomba mume wangu, na mume wangu siku zote aliziacha cherehani ndizo ziseme.

Nikafungua ya Mama Mapazia, kabla. Meno yakasaga, gurudumu likagonga, halafu kwa mbali mwanamke akaita, sauti kali, ya mtu asiyefikiri kwamba kuna siku atachoka kuita: "Wewe baba! Chakula kinapoa!"

Ni mimi.

Na karibu kabisa, karibu kuliko cherehani, pumzi ikavutwa.

"Naja, mke wangu. Ngoja imalize kusema."

Hakuja, bila shaka. Cherehani iliendelea kusaga, naye akaendelea kupumua kando yake. Nikakiweka kidole juu ya chuma. Kilikuwa kimeanza kupata joto.

"Mama!" mkwe wangu akaita kutoka jikoni, sahani zikigongana. "Njoo basi, chakula kinapoa!"

"Naja," nikajibu, na sikuinuka.