Mkono Ulioshusha Ndege

Tangu aolewe, Pendo hakuwahi kumsemesha baba mkwe wake, na baba mkwe hakuwahi kuisikia sauti yake. Ndivyo watu walivyoishi katika nyumba ile ya vilimani, juu kidogo ya Isongole. Mke wa mwana hamtazami mkwe usoni, hatamki jina lake, wala haketi chumba alichoketi yeye. Wakikutana njiani, mmoja anachepuka kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Siku hizi wapo walioyaacha hayo, hasa waliohamia mjini, lakini Mzee Mbonile hakuyaacha, pamoja na kuwa mzee wa kanisa. Na Pendo, ambaye hata kwao alikuwa mtu wa kuinamisha uso, hayakumpa taabu.

Taabu ilikuja mzee alipopofuka. Alikuwa dereva wa malori, kazi yake kati ya Tunduma na Dar es Salaam, mpaka presha ya macho ilipomlia nuru kidogo kidogo na kumrudisha nyumbani akiwa na fimbo nyeupe. Wiki ile ile mama mkwe, Mama Loisi, alimwita Pendo jikoni.

"Mwanangu, zamani ulikuwa unayakimbia macho yake. Sasa yakimbie masikio. Huyu haoni, lakini anasikia mpaka panya akijikuna."

Basi Pendo akajifunza kutembea kama paka. Chakula cha mzee alikiweka kwenye kigoda mlangoni, akagonga mwimo, akatoweka. Akitaka kukohoa, alikwenda kukoholea bandani kwa mbuzi.

Mumewe, Isaka, alifanya kazi ya kupakua mizigo mpakani Tunduma. Ndiye aliyemletea baba yake kompyuta. Ndani yake mlikuwa na ndege ya kuigiza, inayoruka humo humo kwenye kioo, na programu nyingine ya kusikiliza: mtu anasema, nayo inatenda. Maneno ya kuiamrisha waliyachagua kwa Kiswahili, wakisaidiwa na Mwalimu Hezron wa Mlowo. Hezron naye alikuwa kipofu, na kila Jumamosi mchana aliwakusanya vipofu wenzake kwenye mtandao, kila mtu kwake, wakirusha ndege huku wanasikizana. Mzee akisema "inua pua," pua inainuka. Akisema "shusha miguu," magurudumu yanatoka. Akisema "kimo," sauti ya mwanamke ndani ya kompyuta inamtajia futi.

Kompyuta ilikaa mezani karibu na mlango wa uani, maana ndipo mtandao uliposhika. Mzee aliketi kwenye kochi lake, nyuma kidogo, na alipaza sauti kama anayemwita utingo. Kioo hakikuwa na kazi kwake. Kwa hiyo Pendo akisimama mlangoni aliona kila kitu: mawingu, milima, na kiwanja cha ndege cha Songwe kikija kwa mbali kama mkeka mwembamba ulioanikwa. Alianza kwa kuchungulia tu. Alijiambia ni dakika moja, anamaliza, anarudi kwenye maharage yake. Moyoni alijua kwamba kukaa chumba kimoja na mkwe asiyekuona ni kumwibia.

Mzee alijua kuruka. Kutua ndiko kulikomshinda. Kila alipoanza kuteremka alisema, "Punguza moto! Punguza tena!" na ndege ikakosa nguvu, ikadondoka shambani kabla ya lami. Kishindo, kisha kimya.

"Mzee wangu," Hezron alimwambia kwenye spika, "unakata moto mapema mno. Ngoja mpaka uwe juu ya lami."

"Mwalimu, mimi nimeteremka Kitonga na tani thelathini mgongoni. Mlimani huendi na moto. Unaweka gia ndogo, injini inakushika."

"Hili si lori, mzee."

"Mteremko ni mteremko tu."

Akaanguka tena. Na tena. Mchana mmoja, baada ya wenzake kutoka mtandaoni, mzee aliyeendesha nusu ya maisha yake bila kupindua gari aliegemeza paji la uso kwenye fimbo, akalia bila sauti. Mabega tu ndiyo yalicheza. Pendo aliyaona kutoka mlangoni. Angekuwa binti yake angekwenda kumshika mkono. Yeye alikuwa mke wa mwana.

Siku chache baadaye mzee aliirusha tena akiwa peke yake. Ndege ilipoanza kudidimia, Pendo alijikuta ndani ya chumba, peku, pumzi ameibana. Alikuwa amemwona Isaka akimwelekeza baba yake kitufe cha kuongezea moto, kabla hawajaweka programu ya sauti. Alikibonyeza. Injini ikanguruma, pua ikakaa sawa, magurudumu yakagusa lami.

"Eeeh!" mzee akaruka kutoka kwenye kochi. "Mmesikia? Mmesikia huko uani ilivyonguruma? Imejishika yenyewe! Gia ndogo hiyo! Mama Loisi! Mama Loisi, njoo, nimetua!"

Pendo alikwisha kuwa uani, ameziba mdomo kwa kanga, na alikuwa anacheka. Ndiyo, siku ile alicheka. Hilo nalo lilikuja kumsumbua baadaye.

Mzee alichinjiwa kuku. Jumapili aliomba shukrani kanisani, akasimama mbele ya watu na kusema Mungu amemrudishia usukani. Pendo, upande wa akina mama, alitazama vidole vyake. Jumamosi mzee alitaka kuwaonyesha wenzake, na Pendo akaona kwamba hawezi kumwachia aaibike. Akaingia tena. Baada ya hapo haikuwa tena kusaidia mara moja. Ilikuwa kazi yake, kama kuchota maji.

Hezron mwenyewe alilegea. "Mzee Mbonile, sijui unafanyaje. Labda ndege yako ina tabia zake. Unatua vizuri kuliko mimi."

"Mwalimu, nilikwambia. Dereva ni dereva."

Pendo alimsikia mwalimu aliyekuwa sahihi akikubali kwamba amekosea, na uji aliokuwa ameushika ukamwagika kidogo kwenye mguu. Hakujifuta.

Kisha akaja Anastazia. Alikuwa msichana wa huko Hasamba, amepofuka si zamani, na Hezron alimkabidhi kwa mzee ajifunze kutua. Sauti yake kwenye spika ilikuwa nyembamba, ya mtu anayeomba radhi hata kabla ya kukosea.

"Sasa binti," mzee alimwelekeza, "ukianza kuteremka, kata moto. Usiogope. Sikiliza injini, itanguruma yenyewe na kukushika."

"Nimekata, baba. Haingurumi."

"Itanguruma. Vumilia."

Kishindo.

"Umechelewa kukata. Rudia."

Kishindo.

"Binti, unasikiliza kweli? Au akili iko sokoni?"

"Nasikiliza, baba." Sauti yake ikazidi kuwa nyembamba. "Nisamehe. Labda masikio yangu hayafai. Macho yamekwenda, na masikio nayo..."

Pendo alikwenda kukaa nyuma ya banda. Alijaribu kujitetea kwamba alifanya kwa huruma, lakini maneno hayo hayakumkaa. Huruma gani inayomfanya msichana wa watu ajione hana masikio? Na amwambie nani? Kumsemesha mzee hawezi. Mama mkwe atauliza, "Ulikuwa unafanya nini chumbani kwa mkwe wako?" Jioni Isaka alipopiga simu, alimwambia mbuzi amezaa, kahawa inaanza kuiva, na la tatu lililokuwa mdomoni akalimeza.

Jumamosi iliyofuata Hezron alitangaza jaribio. Mzee atatua Songwe peke yake, wote wakisikiliza. Akifaulu, yeye ndiye atakuwa mwalimu wa kutua wa kundi zima. "Na Anastazia," Hezron aliongeza, "amesema hii ni mara yake ya mwisho kuja. Nimemwomba asikilize kwanza unavyofanya."

"Asikilize vizuri," mzee akasema. "Leo atasikia gia ndogo."

Mama Loisi alikuwa amekwenda sokoni. Pendo alisimama mlangoni, mikono ameikunja ndani ya kanga, na kanga ameifunga fundo kwa meno. Alikuwa ameamua. Leo habonyezi. Mzee ataanguka mbele ya wenzake, ataaibika, lakini msichana yule atajua kwamba kosa si lake. Alijihimiza hivyo.

"Shusha miguu," mzee akasema. Magurudumu yakatoka. "Kimo."

"Futi mia nane," ikajibu kompyuta.

"Punguza moto."

"Mzee," Hezron akaita, "bado uko mbali."

"Niache, mwalimu. Punguza moto! Kimo."

"Futi mia tano."

Mzee alitega sikio, akitabasamu, akisubiri. Injini ilikuwa inapumua tu. "Kimo."

"Futi mia tatu."

Tabasamu likamtoka. "Mbona hainguru..." Alishika mkono wa kochi. Akageuza uso huku na huku, kama mtu aliyeachwa na mwenzake gizani, na macho yale yasiyoona yakasimama pale pale mlangoni. "Kimo! Kimo!"

Mikono Pendo aliifunga. Mdomo hakuufunga.

"Ongeza moto!"

Programu haikujua mkwe wala mke wa mwana. Ilisikia neno lake, ikatii. Injini ikanguruma, ndege ikajiinua, ikaelea, ikagusa lami na kwenda mpaka ikasimama.

Hakuna aliyeshangilia.

"Nani huyo?" Hezron akauliza. "Mzee, kuna mtu na wewe?"

Mzee Mbonile aliuachia mkono wa kochi. Alikaa wima kabisa. Kukimbia Pendo angeweza, lakini alipiga magoti pale pale kizingitini, uso ameuelekeza uani ili asimtazame.

"Ni mke wa Isaka," mzee akasema polepole, si kwa kuuliza. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Pendo hakuwahi kuisikia kwake: "Na ile ya kwanza?"

Ilibidi ajibu. Hapakuwa na mtu mwingine wa kujibu.

"Ndiyo, baba."

"Ile niliyomshukuru Mungu kanisani?"

"Ndiyo, baba."

"Ipo hata moja niliyoitua mimi?"

Pendo alitafuta. Alizipitia zote kichwani, akitamani apate japo moja ya kumpa. "Hapana, baba."

Kwenye spika mtu alivuta pumzi. Alikuwa Anastazia. "Kwa hiyo," akasema kwa woga, "kwa hiyo si masikio yangu?"

Mzee alijipangusa uso kwa kiganja, kutoka juu mpaka kidevuni. "Si masikio yako, mwanangu. Masikio yako ni mazima. Nilikufundisha lori." Akapapasa mpaka mezani, akaifunga kompyuta mwenyewe.

Mama Loisi aliporudi alimkuta Pendo bado amepiga magoti. Aliposikia yote, aliweka kikapu chini na kumwangalia kwa muda.

"Umemsemesha mkwe wako."

"Ndiyo, mama."

"Na kabla ya hapo ukawa unaingia kimya kimya na kumfanya mtoto mdogo."

"Nilimwona analia, mama."

"Wote tulimwona analia," Mama Loisi akasema. "Ungemwacha alie. Kilio kilikuwa chake." Akaingia ndani, na usiku ule chakula cha mzee alikipeleka mwenyewe. Kilirudi hakijaguswa.

Kompyuta ilikaa imefunikwa kitambaa. Jumapili mzee hakwenda kanisani. Pendo alipika, alifagia, alichota maji, na kila kitu alichokishika kilikuwa kizito kuliko jana yake. Alitamani atukanwe. Hakuna aliyemtukana. Isaka alipoambiwa kwenye simu, alisema, "Ungeniambia mimi, Pendo," na hilo lilimuuma kuliko tusi.

Halafu mchana mmoja, akichambua maharage uani pamoja na mama mkwe, alisikia kompyuta ikiwaka, na sauti ya Anastazia kwenye spika ikimsalimu mzee. Ndege ikapaa. Ikazunguka. Ikateremka. Kishindo.

Fimbo ikagonga sakafu. Kisha sauti ya mzee ikatoka, kavu, haikumwelekea mtu.

"Wewe mlango," mzee alisema. "Nakuuliza wewe mlango, kwa kuwa wewe una macho. Yule aliyekuwa ananiongezea moto, aliongeza kwenye futi ngapi?"

Pendo alimtazama mama mkwe. Mama Loisi aliendelea kuchambua. "Mimi sikusikia kitu," akasema. "Kama mlango umeulizwa, mlango ujibu."

Pendo akaugeukia mlango. Aliweka ungo chini. "Mlango, mwambie baba, ilikuwa futi mia tatu. Kidogo tu. Na baada ya hapo hakukata mpaka lami ijae kioo chote." Akasita. "Na mwambie, aliyefanya hivyo anaomba msamaha."

Mlango haukusema lolote kuhusu msamaha.

"Binti wa Hasamba," mzee akaita kwenye spika, "umesikia? Mia tatu. Tuanze wote upya, mimi na wewe. Nikikosea uniambie, usinistahi."

"Sawa, baba. Twende."

Ndege ikapaa. Pendo alirudi kwenye maharage, macho kwenye ungo, mgongo ameupa mlango. Alisikia "kimo," alisikia mia tano, alisikia mia tatu, alisikia mzee akichelewa kidogo kusema neno lile, na vidole vyake vikakaza juu ya maharage mpaka kucha zikawa nyeupe.

Kishindo.

"Umechelewa, baba," akasema Anastazia.

"Nimechelewa," mzee akakubali. "Rudia."

Pendo hakuinuka.