Suruali ya Nahodha

Mhariri wa jarida alinirudishia hadithi yangu na swali moja: "Nahodha wa chombo cha angani, mwanamume, ana mimba? Mwanamume gani ataamini?" Akanipa mpaka Ijumaa niirekebishe. Nilichemka. Kwenye sayari yangu wanaume ndio wanaobeba mimba, na nahodha wangu ana miezi minane.

Mimi ni fundi cherehani, na siandiki nguo ambayo sijaishona. Basi nikashona suruali ya nahodha, yenye tumbo la vitambaa na kilo saba za mchanga, nikamvalisha mume wangu, fundi plasta, bonge la mtu ambaye watoto wetu watatu humwita Tingatinga. Kiunoni nikaifunga kwa sindano na uzi.

"Vifungo viko wapi?" akauliza.

"Mimba ina vifungo?"

"Wewe mwanamke una visa!"

Mwanzoni alitamba chumbani, akiamrisha nyota zimpishe njia. Nusu saa baadaye alikuwa ameshika kiuno, jasho linamtiririka. Aliinama kuokota mkasi, akakwama hapohapo.

Mama mkwe akaingia. Alimtazama mwanawe juu mpaka chini, akaangua kicheko mpaka akashika mlango.

"Mama, nipe hicho kiti, nakufa!"

"Kiti?" Mama mkwe alijifuta machozi. "Wewe nilikubeba nikisimama kiwandani kutwa. Kiti sikukiona hata kwa dawa."

Tingatinga akanigeukia. "Na wewe, kwa hawa watatu?"

"Kwenye cherehani nilikaa. Nyumbani ulikaa wewe."

Nilitaka iwe mzaha, ikatoka na uchungu wa miaka kumi na miwili. Nikachukua mkasi nikate ule uzi, lakini akaukinga kwa mkono.

"Acha kwanza. Nisomee hiyo hadithi."

Alisikiliza akiwa amesimama. Nikafika pale nahodha anapoendesha chombo wima, na wenzake wamekaa wanamwuliza chai iko wapi.

"Hao wana roho gani?" akafoka. "Hakuna hata mmoja wa kumpisha?"

"Kwa hiyo unaamini?"

"Naamini, bwana! Miguu inawaka moto!"

Akajikokota na tumbo lake kwenda kutuchemshia chai. Mama mkwe akakaa kwenye kiti.

Ijumaa niliirudisha hadithi bila kugusa hata neno, pamoja na barua fupi: "Mwanamume wa kwanza ameamini. Wewe njoo nikupime kiuno."