Beti za Ubao wa Macho

Mara ya kwanza tulipokwenda kliniki ya macho kule Kinindo, mama alikwama mstari wa tatu. Ubao wa herufi ulikuwa kwenye korido, foleni nzima inasikia. Kijana mmoja akacheka: "Mama, hiyo si Kichina!" Nilitaka kumrukia. Badala yake nikaupiga ubao picha kwa simu, tukaondoka kabla chochote hakijaandikwa.

Wiki ile nikamtungia mama beti, kila neno likianza na herufi ya ubaoni. Mstari wa saba ulikuwa hivi: *Zuhura ukitabasamu, nyota huzimika, taa dhaifu pia.* Mama alizikariri huku akishona, mshono ukimpindia. Tuliporudi kupimwa alishuka hadi wa saba bila kusita. Nilitembea kifua mbele.

Dokta Ghanima akaandika saba. "Kuna utando juu ya retina, unaivuta, ndiyo maana unaona vitu vimepinda. Jicho linaloanza vizuri hivi, kwa kawaida humaliza vizuri. Nikiutoa, utatunga uzi kwenye sindano mwenyewe."

Miezi mitatu baada ya upasuaji, dokta alitundika ubao mwingine, wenye herufi tofauti. Mama akafika mstari wa tano, akasimama.

"Endelea, Mama Arnaud."

"Apana, dokta. Ni hapo tu."

Dokta akaangalia faili, akakaa chini taratibu. "Kutoka saba hadi tano. Nimekosea mahali, mama, unisamehe. Huenda kipande cha utando kimebaki. Alhamisi nitalifungua tena jicho nitazame."

Mama akanigeukia kidogo, kisha akasema, "Sawa."

Sawa! Alikuwa radhi kukatwa mara ya pili ili mimi nisiumbuke. Uso ukaniwaka.

"Dokta," nikasema, "ile saba haikuwa yake. Ni mimi."

"We vipi?"

Nikamweleza. Hakuamini, akataka kuusikia ubeti. Nikaughani, mlango wazi, foleni inasikiliza.

"Kwa hiyo alianzia wapi?"

"Tatu."

Akakata saba, akaandika tatu. "Basi amepanda mistari miwili. Sifungui kitu." Akanitazama. "Na we, mutunzi, ningemukata mama yako bure, kwa ajili ya nyota zako."

Nikamfungulia mama njia kwenye foleni, tukatoka.

Nje, mama alinishika mkono. "Lakini ulikuwa muzuri, ule wa nyota," akasema.

Heri angenizaba kofi.