Saa Ambayo Upepo Umelala

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Ulipita hatua mbili kutoka miguuni pake, ukamkwepa kama mtu anayekwepa dimbwi, kisha ukainua simu kuwapiga picha wanao mbele ya lango la Bustani ya Mawinguni. Yule mzee aliyeketi juu ya jiwe, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, kadi ya njano ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, alikuwa akikohoa. Ulisikia. Kikohozi cha Alute si cha mafua. Kinasikika kama debe linalokokotwa juu ya changarawe. Ukageuza uso. Tangu Julai mpaka Septemba nimewatazama mliogeuza uso, na mimi si mwepesi wa kusahau.

Naitwa Kefa, wa Mtinko. Kusoma nilijifundishia kwenye midomo ya visima. Alute alikuwa chini anachimba, mimi juu nashika kamba, na kati ya ndoo moja ya udongo na nyingine nilisoma vipande vya magazeti yaliyofungiwa maandazi. Tumefanya hivyo miaka arobaini na miwili. Kamba ikivutwa mara moja, simama. Mara mbili, pandisha ndoo. Mara tatu, nipandishe mimi, na usiulize. Mtu anayeuweka uhai wake katika viganja vyako kila asubuhi hawezi kukuficha kitu. Kwa hiyo nikisema najua alichokitaka Alute, basi najua.

Alitaka kupanda juu.

Gari la matangazo lilifika mnadani kwetu mwezi wa Juni, alizeti zimekwisha kukamuliwa na kila mfuko una chochote. Walijua wanachokifanya. Kwetu mambo yote makubwa husubiri mavuno: mabati hununuliwa Juni, mahari hupelekwa Juni, hata mwenye jino bovu hulivumilia mpaka Juni. Ubavuni mwa gari walikuwa wamechora gurudumu la chuma lililosimama ndani ya Bustani ya Mawinguni, kando ya ziwa pale Singida mjini, refu kupita mnara wowote wa kanisa, limening'inizwa vikapu vyekundu vya kukalia watu.

Alute alilitazama kwa muda mrefu. "Hili linapandisha watu?" aliuliza.

"Linapandisha, mzee wangu, mpaka ndege wanakuamkia," alijibu mwenye kipaza sauti.

"Na linashusha?"

"Linashusha."

"Lenyewe? Bila mtu wa kamba?"

Nikacheka. "Kaka, leo umenifuta kazi."

Waliuza tiketi za siku na kadi za njano za mwaka mzima. Nilimshauri achukue tiketi ya siku moja, apande, atoe hamu, turudi nyumbani. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mara moja? Kefa, mimi nimeshuka mara ngapi? Kupanda mara moja hakusawazishi hata kile kisima cha Ulemo peke yake." Kisha akashusha sauti, maana watu walikuwa wengi. "Na daktari ameona vumbi la mawe lilivyojaa humu kifuani. Yeye hakunipa mwaka. Hii kadi inanipa."

Akanunua kadi ya mwaka. Walipompa, upepo ukaipokonya mkononi mwake, nasi tukaikimbiza kati ya miguu ya ng'ombe, watu wazima wawili, mmoja hana pumzi, mnada mzima ukitucheka. Tukacheka nao. Kumbe ule ulikuwa upepo unatusomea masharti, na sisi tuliozaliwa ndani yake hatukuusikia.

Masharti yenyewe yalikuwa nyuma ya kadi, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Niliyasoma nikiwa nimechelewa, mimi ninayejigamba kusoma kila karatasi. Gurudumu husimama upepo ukizidi kipimo. Siku zilizopotea kwa hali ya hewa hazirudishwi. Mwaka huhesabiwa tangu siku ya kununua. Basi nakwambia wewe unayetaka kumnunulia mwanao kadi ya namna hii: usiulize kwanza bei. Uliza kile unachokitaka husimama lini. Uliza lango hufunguliwa saa ngapi. Uliza mwaka wako unaanzia wapi, halafu ujiulize mwenyewe katika mwaka huo una miezi mingapi ambayo mikono yako haina jembe. Anayenunua Juni anaununua msimu mzima wa upepo wa Singida, ule unaolaza nyasi mpaka Oktoba. Ukitulia, mvua inaita, na nani kwetu ataacha jembe aende kubembea? Toa upepo, toa jembe, kinachobaki ni picha yako kwenye plastiki.

Mwezi wa Julai Alute alihamia mjini, mtaa wa Utemini, kwa binti yake, Rebeka, ili awe karibu na lango. Nikamfuata. Kila siku saa nne asubuhi, wanapofungua, tulikuwa mbele ya dirisha la tiketi, na ndani yake binti mmoja mpole anayeitwa Jenifa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu. Leo je?"

Jenifa alikuwa akichungulia juu ya mlingoti, pale vikombe vitatu vya kupimia upepo vinapozunguka. "Leo vikombe vimechanganyikiwa, babu."

"Walevi hao. Kesho watalala."

Kesho hawakulala. Wala kesho kutwa. Alute akarudi kwenye jiwe lake, akaketi kulitazama gurudumu lililosimama, mpaka jua likamfukuza. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake na kwa niaba ya wenye kadi wote wa Mtinko. Siku moja nilisimama juu ya jiwe lile lile nikatangaza kwamba lile dude la chuma ling'olewe, likayeyushwe, tupate majembe. Watu wakanipigia makofi, kisha wakaenda kununua aiskrimu. Mlinzi akanishusha kwa mkono. Alute aliona haya, si kwa sababu ya mlinzi.

"Unalitukana gurudumu," aliniambia tukirudi. "Limekukosea nini?"

"Limekudanganya."

"Gurudumu halina mdomo, Kefa. Wenye mdomo ni waliokuja na gari."

Sikukubali. Hasira niliyoishi nayo tangu ujana ilishazoea kushika kilicho karibu, na gurudumu ndilo lililokuwa karibu.

Katikati ya Septemba Jenifa aliniita pembeni ya dirisha. Nilidhani ananionya. "Babu Kefa, wewe unapiga kelele kila siku, lakini hujui unachokipigia," alisema, macho kwenye karatasi zake ili asionekane anaongea nami. "Kila siku saa kumi na mbili asubuhi fundi Obadia analiwasha, analizungusha nusu saa. Anakagua. Saa hiyo vikombe vimelala kabisa."

"Na mnafungua saa nne."

"Saa nne vimeamka."

"Hiyo nusu saa linazunguka na nani ndani?"

Akainua macho. "Hakuna mtu, babu. Tupu."

Sina ugomvi na sharti la upepo. Nimeona kamba ikikatika. Najua maana ya tahadhari. Lakini neno lile, tupu, lilinikaa kooni kama mwiba wa sato. Nikapanga kwenda na simu yangu, nirekodi, niitumie kila mahali, aibu yao iwafuate mpaka vitandani mwao. Alute akasema anakuja.

Tulitoka Utemini kungali na giza la alfajiri, yeye akipumzika kila baada ya nguzo mbili za umeme. Tulipofika kwenye uzio wa waya palikuwa kimya. Nyasi zilikuwa zimesimama wima. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta ndani ya kikaango kisichopashwa moto. Nikatoa simu, nikaweka kidole tayari.

Likaanza kuzunguka.

Nilitegemea kelele za chuma. Hazikuwapo, palikuwa na mvumo tu, kama mzinga wa nyuki uliofunikwa kwa blanketi. Vikapu vikanyanyuka kimoja baada ya kingine kutoka kwenye kijivu tulichokuwamo sisi, vikapanda, vikapanda, na huko juu vikaingia kwenye jua. Jua ambalo sisi wa chini hatukuwa tumelipata bado. Kila kikapu kilipogeuka pale kileleni kiliwaka wekundu, kikashuka nao kidogo, kikazimika. Na ndani ya ziwa gurudumu la pili lilikuwa likizunguka kichwa chini. Nilitaka kusema neno baya, mojawapo ya yale niliyoyachonga kwa miezi mitatu. Sikulipata. Simu ilikuwa mkononi na kidole hakikuwa kimebonyeza kitu.

"Wazee, shikamooni." Obadia alikuwa amekuja uzioni, mwanamume wa makamo, grisi mpaka kwenye viwiko. "Bado hatujafungua."

"Marahaba," alisema Alute. "Hatukuja kufunguliwa. Nataka kukuuliza jambo la kazi. Hilo unalijaribu bila uzito?"

"Siku za kawaida, ndiyo."

"Mimi ni mchimba visima. Kamba sijaijaribu hata siku moja kwa ndoo tupu. Ndoo tupu haisemi kweli."

Obadia akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu. "Jumamosi tunapakia mifuko ya mchanga, mzee."

Mchanga! Damu ilinipanda. Mchanga unapanda bila kadi! Nilifungua kinywa, lakini vidole vya Alute vilikuwa vimeshanikamata mkono.

"Leo ni siku gani?" aliuliza kwa upole.

Obadia alisita. "Jumamosi."

"Basi mimi nina kilo hamsini na mbili. Punguza mfuko mmoja."

Fundi alitazama mlingoti. Vikombe vilikuwa vimening'inia tu. Akatazama ile kadi ya njano, akatazama kifua kilivyokuwa kikipanda na kushuka nyuma yake. Akasimamisha mtambo. Akafungua mlango wa uzio, akatoa mfuko wa mchanga katika kikapu kimoja, akakipangusa kiti kwa mkono wa shati lake.

Nilipotaka kuingia naye, Alute alikataa. "Wewe baki. Nimezoea uwe upande wa pili."

Akapanda. Nimewahi kumtoa mtu yule ardhini mara zisizo na idadi, na kila mara nilijua uzito wake kwa mabega yangu. Sasa alikuwa anakwenda, anakuwa mdogo, na mimi sikuwa nimeshika chochote. Akaingia kwenye jua. Akavua kofia. Sikuwahi kuona kichwa cha Alute kiking'aa vile. Lilimzungusha mara tatu, taratibu, na gurudumu lilipokuwa likimrudisha chini nikahisi maumivu viganjani. Nilikuwa nimekunja ngumi mbili mbele ya kifua changu, moja nyuma ya nyingine, na visigino vyangu vilikuwa vimechimba udongo kama vya mtu anayevuta.

Alishuka mashavu yamelowa. Nikamshika mkono.

"Umeiona Mtinko?"

"Sikutazama chini." Alisubiri pumzi imrudie. "Chini napajua. Nimetazama juu, Kefa. Ukiwa kisimani mbingu ni sahani. Ina ukingo. Miaka yote nilidhani nikitoka nitaizoea bila ukingo, lakini nilikuwa nikitoka nimechoka, natazama chakula." Akainua mkono, akaupeleka kushoto, akaupeleka kulia, akautafuta mwisho wa jambo alilokuwa akilionyesha, kisha akauacha hewani. "Haina ukingo," alisema.

Obadia aligeukia mtambo wake akajifanya anakaza nati.

Tangu siku ile sijasema tena ling'olewe. Nikilikumbuka lile duara likiingia juani, naona haya kwa majembe niliyoyaomba. Hasira yangu ipo palepale, msifurahi. Ila sasa inajua inakwenda wapi. Maana kuna mtu aliona kupitia kamera ya lango, na Jumatatu Obadia akapewa barua ya kusimamishwa kazi. Jaribio linaendelea na fundi mwingine. Mchanga unaendelea kupanda. Na pale kwenye uzio wa waya wameanza kupigilia mabati, ili mtu wa nje asione.

Alute hatembei tena. Kila alfajiri nikiingia chumbani kwake ananiuliza, "Vikombe vimelala?" Namjibu vimelala.

Sasa sikiliza, wewe. Wenye kadi za njano tumekubaliana kusimama langoni kesho saa kumi na mbili kasorobo. Hatutaki pesa yetu. Tunataka lango lifunguliwe saa ambayo upepo umelala, na Obadia arudi kwenye mtambo wake. Alute atakuwepo, tutambeba kwenye kiti. Kiti kinataka watu wanne, mmoja kila mguu. Tuko mimi, Rebeka na Obadia. Mguu wa nne hauna mtu. Usinitumie salamu, usiniambie utaona. Nyumba ya Rebeka ni ya tatu baada ya mashine ya kukoboa, mlango wa bluu, na haujafungwa. Njoo ushike.