Kipoza-Oili cha Gari Nambari Moja

Jumanne, saa mbili asubuhi, fundi Odilón alikuwa amelala chali chini ya vocho ya Nabor Zepeda, teksi ya Volkswagen ya mgongo wa kobe, akitafuta oili inakovujia, tone moja likamdondokea kwenye paji la uso. Injini ilikuwa imetoka kupanda mlima na abiria watano. Tone lilikuwa la baridi. Odilón alilifuta kwa kidole, akakinusa, kisha akaomba apewe spana namba kumi na saba.

Injini ya vocho hushikiliwa na bolti nne tu. Alizifungua, akaishusha injini hadi sakafuni, akavua bati la feni. Kipoza-oili kilikuwa kimesimama mahali pake, chuma cha ukubwa wa tofali, kimefunikwa barafu kama friji isiyofunguliwa tangu mwaka juzi. Alikwangua barafu kidogo kwa bisibisi.

"Raba zake mbili zimekufa," alimwambia Nabor. "Hizo nakubadilishia, na kuvuja kunakwisha leo leo. Lakini kipoza chenyewe, mzee, kimezidisha kazi. Kinapoza hata visivyokihusu."

"Kama nini?"

"Kama watu."

Nabor aliitikia kwa kichwa. Alishahisi hivyo.

Odilón alimchorea kwa mkaa ukutani. Vocho haina maji wala rejeta; feni huvuta upepo, upepo hupita kwenye kipoza, na mwingine huingia ndani kwa abiria kupitia matundu ya joto chini ya kiti. Kwa Nabor matundu hayo hayakufungika, maana wenzo wa kuyafungia ulivunjika zamani. Kwa hiyo kila aliyepanda gari hilo akiwa na hasira aliteremka bila nayo. Wakazi wa San Melesio walilijua jambo hili kama wanavyojua duka lipi lina mkate mzuri. Mwanamume mmoja alipanda na kisu, anakwenda kumchoma shemeji yake aliyemwibia jogoo wa mapigano; alipofika alimwuliza shemeji kama jogoo anakula vizuri. Mama wakwe walikuwa wakisubiri zamu ya gari lile hata kama mengine matatu yamesimama wazi.

Lakini mtaa una desturi yake. San Melesio umepanda mlima kaskazini mwa Jiji la Mexico, mteremko ambao mabasi hayauthubutu, na ni vocho peke yake ziwezazo kuupanda, kiti cha mbele kimeng'olewa ili watu waenee. Anayekwenda mjini kwa shughuli ya mtaa hupanda bure, na hupanda gari nambari moja. Nambari moja alikuwa Nabor. Na shughuli ya mtaa ilikuwa moja tu: mabomba ya San Melesio yalikuwa makavu kwa miezi kumi na minne.

Ujumbe tisa ulikuwa umeteremka kwenda ofisi ya maji. Ujumbe wa kwanza uliongozwa na Hermelinda, muuza tamale za unga wa mahindi na mwenyekiti wa kamati, mwanamke ambaye polisi humwamkia kwanza. Alikuwa na hotuba ya kurasa sita. Alirudi na kalenda ya ofisi, akasema karani ni kijana mstaarabu sana. Ujumbe wa nne ulipeleka keki. Ujumbe wa saba ulisaidia kupaka rangi chumba cha kusubiria. Wahenga walisema hasira hasara, lakini wahenga hawakuwahi kuishi San Melesio. Pale hasara ilikuja bila hasira, na ilikuja ikitabasamu.

"Ina maana miezi yote hii," alisema Hermelinda alipoitazama ile picha ya ukutani, "mimi nilikuwa nateremshwa pale nimepoa kama uji wa juzi?"

"Ndivyo," alisema Odilón.

"Na ile keki?"

"Na keki."

Hermelinda akataka kipoza kitolewe siku ileile. Mama wakwe wakatuma mtu kusema kisiguswe, la sivyo watarudi kugombana na wake wa wana wao. Odilón akasema yeye ni fundi, si hakimu. Kwenye rafu anacho kipoza kipya, mwenye gari aamue.

Mwenye gari ndiye aliyekuwa tatizo. Nabor alikuwa amekaa kwenye upepo ule saa kumi kwa siku kwa miaka mingi, na hakukuwa na mtu aliyepoa kumzidi. Hermelinda alipozungumza, Nabor alimwona ana haki. Mama wakwe walipozungumza, alizidi kuona wana haki. Aliporudi nyumbani akamweleza mkewe, Eustolia, na hata kabla hajajibiwa akakubaliana naye.

Eustolia hakuwahi kupanda gari la mumewe. Harufu ya petroli ilimtapisha. Aliteremka na kupanda ngazi mia na kumi na mbili kwa miguu, ndoo mkono huu na ndoo mkono ule, tena siku ambazo boza la maji lilikumbuka kuja. Kwa hiyo alibaki mtu pekee San Melesio mwenye hasira iliyo kamili. Aliitunza kama wengine wanavyotunza kuku. Na alikuwa ameshatoa tarehe: ikifika sikukuu ya Mtakatifu Yohana, siku ambayo nchi nzima inamwagiana maji kwa furaha, na nyumba yake bado ni kavu, atakwenda kuishi kwa dada yake Pachuca.

"Hujaamua?" alimwuliza Nabor.

"Kila upande una lake, mke wangu."

"Wewe nawe! Mtu akikukata mguu utasema panga nalo lina lake."

"Huenda," alisema Nabor.

Alimpenda sana mwanamke huyu. Alijua tarehe ile haikuwa mchezo, na alijua kwamba inafaa aogope. Hofu yenyewe ndiyo haikuja.

Ilikuja Ijumaa. Injini ilikuwa imekaa sakafuni siku tatu kusubiri uamuzi, na kwa siku tatu Nabor hakukaa garini. Jumatano alihisi kiungulia. Alhamisi alimtukana mbwa. Ijumaa alfajiri alifungua macho, akaona ndoo saba zimepangwa ukutani, akaviona viganja vya mkewe vilivyofanya sugu, na kitu kikampanda kutoka tumboni hadi masikioni. Alikwenda gereji kwa viatu visivyofanana.

"Kitoe!" alimfokea Odilón. "Kitoe, nisikione!"

"Kumbe sauti unayo," alisema Odilón, akachukua kipoza kipya rafuni.

Ujumbe wa kumi uliondoka Jumatatu: Hermelinda na wanakamati wanne. Kwenye kona ya pili walikuwa wanapiga kelele. Kwenye kona ya tano walikuwa wanagombana wenyewe kwa wenyewe nani atangulie kumgombeza karani, na Nabor alikuwa anawashinda wote. Ile kamba ambayo madereva wa vocho huvutia mlango wa abiria ilikatika kwa jinsi alivyoivuta.

Karani aliitwa Evodio, na kweli alikuwa mstaarabu. Aliwasikiliza saa moja na nusu. Hermelinda alisoma kurasa zote sita na kupiga meza mara tatu, kikombe cha kalamu kikaanguka, Evodio akakiinua. Walipoishiwa pumzi akawafungulia faili.

"Mabibi na mabwana, bomba lenu halina ubovu wowote," alisema. "Valvu imegeuzwa. Maji yanakwenda kwenye majumba mapya kule bondeni. Wana bustani, mnaelewa. Tena wana chemchemi ya mapambo mlangoni."

"Na sisi?" aliuliza Nabor. "Sisi tunywe nini? Tuogee nini, na huyo mke wangu anabeba ndoo kama punda!"

"Ninyi mmeandikwa kuwa mmeridhika. Sahihi zenu hizi hapa, mara tisa."

"Tulikuwa tumepozwa, baba!"

"Inawezekana. Fomu haina sehemu ya hilo." Alifunga faili taratibu. "Mkisema leo mmeghadhibika, nitaandika mmeghadhibika. Sioni shida."

"Na valvu?"

"Valvu iko vilevile."

Akaandika wameghadhibika, akagonga muhuri, akawapa nakala. Walipiga kelele hadi ofisi ilipofungwa saa tisa, na Evodio aliwashikia mlango watoke.

Basi San Melesio ukawa na hasira na ukawa hauna maji. Watu walikuwa wamezoea kubeba mzigo mmoja kwa wakati. Kamati ilivunjika Jumatano, wanakamati watatu wakidai Hermelinda alisoma vibaya ukurasa wa nne. Yule mtu wa jogoo alikumbuka kisu. Mama wakwe walifanya walilokuwa wamesema watafanya. Watoto walipewa kofi kwa makosa ambayo zamani yalikuwa yanachekewa, na mtu alipomwaga kikombe cha maji bahati mbaya, nyumba tatu zilitoka nje kutukanana.

Jumamosi ya pili walikutana kituoni wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Kipoza cha zamani kirudi. Hermelinda mwenyewe aliunyoosha wake, haraka, akiangalia pembeni. Aliyekataa alikuwa Eustolia peke yake.

"Muwe na aibu jamani!" aliwaambia. "Mnarudi kupozwa kwa hiari?"

"Mama, maji hayaji tukikasirika na hayaji tukipoa," alisema Hermelinda. "Angalau tulale."

Nabor alikuwa amenyoosha mkono wake katikati tu, ikaandikwa kuwa amekubali. Odilón alikuwa anatumia kile kipoza kugandishia jeli za kuuza. Akazitoa, akakifunga kwa raba mpya mbili. Hakikuvuja hata tone.

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana iliangukia siku ya Jumatatu. Kutoka bondeni walisikika watu wakimwagiana maji na kupiga mayowe ya furaha. Eustolia alitoka na begi lake, akaketi kwenye jiwe la mlangoni. Nabor alisimamisha gari, akashuka, akalichukua begi.

"Nitakusindikiza kwa miguu mpaka kituo cha basi," alisema. "Najua petroli inakusumbua."

Eustolia aliitazama vocho.

"Nizungushe kwanza," alisema.

"Wapi?"

"Popote. Mizunguko miwili."

Nabor aliweka begi chini. "Eustolia, ni kile kile. Wamekirudisha."

"Si kiziwi mimi, nilikuwepo."

"Basi kwa nini, mke wangu?"

"Nimechoka, Nabor. Nimechoka kukasirika peke yangu." Akainuka kwenye jiwe. "Washa gari."

Alimwekea mto nyuma, akafungua dirisha kwa ajili ya harufu. Walizunguka mlima. Kwenye kona ya tatu vidole vya Eustolia viliacha kushika kiti. Mzunguko wa pili ulipoanza aliuliza:

"Yule karani ana watoto?"

"Watatu."

"Maskini. Kazi nyingi."

Walipofika nyumbani aliingia jikoni, akavua shali, akafungua bomba. Bomba lilikohoa hewa, likatetemeka ukutani, likakohoa tena.

"Usijisumbue," aliliambia kwa upole, akalifunga.

Nabor alikuwa amesimama mlangoni na begi mkononi. Alijua kabisa kwamba hapo ndipo mtu hulia. Lakini alikuwa amekaa garini tangu asubuhi.